Bamba la Kuzuia Risasi, Bei ya Jumla

Mdogo wangu aliponipigia simu nilikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa la Guangzhou, China, nabishana na muuzaji juu ya rangi ya kijani. Mimi nilisema hiyo siyo rangi ya sampo, kile kipande cha mfano nilichopewa, yeye akasema ni ile ile, taa za duka ndizo zinazonidanganya. Nikamwacha na taa zake nikatoka nje kupokea. Kwangu ilikuwa asubuhi, kwake Marekani ilikuwa jioni ya jana yake. Hakunisalimia. Alisema, "Dada, mtoto hataki kwenda shule," kisha akalia, nami nikasimama pale nimeziba sikio moja kwa kidole huku mikokoteni ya majora ikinipita miguuni.

Mtoto ni binti yake wa pekee, wa miaka tisa wakati huo. Mimi ni mama yake mkubwa, na kwa kuwa sikujaaliwa kuzaa, huyo ndiye mtoto wangu pia. Wiki mbili kabla ya simu ile, katika mji wa jirani na kwao, mtu aliingia shule na bunduki akaua watoto na mwalimu wao. Sitasimulia zaidi, kwa sababu sikuwapo, na wenye kazi ya kusimulia walisimulia mpaka ikasikika kama matokeo ya mpira. Tangu siku ile binti yetu alikuwa akitapika kila asubuhi akianza kuvaa viatu. Shuleni kwao walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya kujificha: mlango unafungwa, taa zinazimwa, watoto wanachutama kwenye kona, kimya. Siku moja alirudi nyumbani akamwuliza mama yake, je, siku yenyewe ikifika na mtu ana mafua, itakuwaje akipiga chafya?

"Nataka nimlete kwako," mdogo wangu alisema. "Akae mwaka mmoja, miwili. Huko si hakuna bunduki?"

Ni kweli. Katika miaka yangu kumi na moja ya Guangzhou nimeona bunduki kwa walinzi wa magari ya fedha za benki tu, basi. Niliwahi kuzuiwa kuingia kwenye treni ya chini ya ardhi kwa ajili ya kisu cha jikoni kilichokuwa bado kwenye boksi lake, nikarudi nyumbani kwa teksi, mimi na kisu changu. Kwa upande huo mtoto angekuwa salama. Jibu lilikuwa "mlete," neno moja tu, na sikulisema.

Nilisema, "Tulia kwanza tufikirie." Nikataja viza. Nikataja ada za shule za wageni. Nikataja sebule yangu iliyojaa maboksi ya wateja mpaka dirishani. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nilizoea kuishi peke yangu, natoka nipendapo na kurudi nipendapo, na niliogopa kuamka kila siku na mtoto anayetapika kwa hofu. Naandika haya kwa aibu. Mdogo wangu, anayenijua tangu tukichangia kitanda kimoja Ilala, alibadilisha mazungumzo mwenyewe.

Hapo ndipo bamba lilipoingia. Alisema wazazi wenzake wananunua bamba la kuzuia risasi, bapa, la ukubwa wa daftari kubwa, linalochomekwa kwenye mfuko wa nyuma wa begi la shule. Mtoto akisikia milio analigeuza begi, anajikinga nalo. Bei yake madukani kule ilikuwa ya kutisha. Aligeuza karatasi ya tangazo lake akasoma kwamba limetengenezwa China.

"Tena mkoani kwako huko huko," alisema.

"Usinunue huko hata kidogo," nikamwambia. "Mimi nipo kwenye shina. Nitakutafutia."

Nilifurahi mno kupata kitu cha kutafuta. Kutafuta ndiyo kazi ninayoiweza.

Ajabu ni kwamba bamba hilo liliwapatanisha mdogo wangu na mumewe. Shemeji yangu ni mtu wa Moshi, dereva wa malori, mpole wa kupindukia, na ana bastola. Aliinunua baada ya nyumba yao kuvunjwa, anaiweka kwenye sanduku la chuma juu ya kabati. Msimamo wake ni kwamba mwovu mwenye bunduki hazuiwi na mtu wa mikono mitupu, kwa hiyo walimu wapewe silaha yaishe. Mdogo wangu alimjibu mbele yangu, kwenye simu ya video: "Sisi tumesoma la kwanza mpaka la saba, kitu pekee tulichokiogopa kwa mwalimu ni fimbo. Leo wewe unataka mwalimu wa mwanao aweke bastola kwenye droo ya chaki?" Shemeji akasema sheria kali zitawanyang'anya watu wema tu, waovu hawasomi sheria. Mdogo wangu akasema basi tufute na sheria za barabarani, maana walevi nao hawazisomi. Kwa jinsi nilivyofuatilia, wabunge wao walikuwa wakitupiana maneno hayo hayo, tofauti ni kwamba wao walivaa tai. Msiba ukitokea wanabishana, ukipoa wanakwenda likizo. Lakini bamba wote wawili walilikubali, kwa kuwa halikumtaka mtu yeyote abadili mawazo yake.

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wakifika Guangzhou mara ya kwanza huelekezwa kwangu. Nawapeleka Xintang kwenye jinzi, Zhongda kwenye vitambaa, nakusanya mizigo yao kwenye kontena moja na kuifikisha bandarini Huangpu. Huniita mkata bei, na jina hilo nimelivaa kama kanga mpya. Mwenye kiwanda huku tunamwita laoban. Najua laoban akitikisa kichwa mara ya kwanza hajakataa, na akinyamaza mara ya tatu amekubali. Na ipo kanuni moja ambayo namfundisha kila mgeni kabla hata hajanywa chai: usionyeshe shida. Usiseme kitu ni cha kwako, usiseme unakihitaji kesho, usiseme ni cha mgonjwa wala cha mwanao. Sema ni sampo. Sema ukiridhika utarudi na oda ya maelfu. Mimi mwenyewe nilinunua gauni langu la harusi nikidai ni sampo ya oda ya mia tatu. Ndoa haikudumu, lakini gauni nililipata kwa bei ya bure.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya maduka ya mabegi. Laoban alikuwa mwanamke wa rika langu, anamenya chenza na kuyapanga maganda kwenye ukingo wa meza ya kukatia. Rafu ya mbele ilikuwa na mabamba kumi na kitu, meusi, yameshonewa kitambaa cha turubai. Nikachukua moja, nikatoa mizani yangu ndogo ya kuning'iniza ninayotembea nayo mkobani, nikalipima. Gramu mia sita na ishirini. Nikaandika kwenye simu, kama ninavyoandika kwa jinzi na kwa kila kitu, maana huku mzigo hupungua uzito kati ya sampo na oda, na macho peke yake hayaoni.

"Linauzika?" nikamwuliza, kwa Kichina changu cha sokoni.

"Linauzika sana mwezi wa nane, kabla shule za Marekani hazijafunguliwa," alisema. "Halafu kuna siku nyingine simu zinalia ghafla, kila mtu anataka leo leo. Sijui kwa nini."

Mimi nilijua kwa nini. Sikumwambia.

"Wewe unapeleka wapi?"

"Afrika Mashariki. Nina maduka mengi."

Alinitazama. "Kwenu watoto wanapigwa risasi?"

"Hapana!" nikasema, kwa ukali, kana kwamba ametukana nchi. "Ni ya walinzi wa maduka."

Basi tukaanza. Akataja bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikachukua mkoba wangu nikaelekea mlangoni, akaniita. Nikamwahidi oda ya mia tano. Nikamwambia jirani yake wa chini kanipa bei ya kutupwa, na jirani huyo sikuwa nimemwona kwa macho. Nilikuwa katika raha ile ambayo kila mfanyabiashara anaijua, damu inachemka na ulimi unateleza wenyewe. Nilimshusha mpaka chini ya nusu. Akanyamaza mara ya tatu. Kisha akanyanyuka, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na bamba moja ndani ya nailoni iliyofungwa kwa moto.

Niliona kwamba hakuchukua kwenye rafu ya mbele. Mteja wangu angepokea kitu kutoka chumba cha nyuma ningemkanyaga mguu mpaka apige kelele. Siku ile mimi niliyepokea nilikuwa mshindi, na mshindi hafungui nailoni. Nikalipa, nikashuka ngazi nikiimba.

Dada mmoja Mkenya, mwanafunzi, alikuwa anasafiri kwenda Marekani kwenye mkutano wa wasomi, akakubali kulibeba na kulituma kwa posta akifika. Nilinunua begi la zambarau lenye picha ya sungura, nikachomeka bamba, nikampelekea wakati teksi inamsubiri. Alikuwa analalamika juu ya uzito wa mizigo yake. Akalinyanyua begi kwa kidole kimoja.

"Ah, hii ni light sana, auntie," alisema. "Hii haina shida."

Nami nikafurahi kwamba ni jepesi.

Siku kumi baadaye mdogo wangu alinitumia video. Binti yetu anatembea ukumbini na begi mgongoni, anageuka, anaketi sakafuni, analishika mbele ya kifua chake na kuligonga kwa vidole. Ko, ko, ko. Anasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Asante mama mkubwa, limefika, ni gumu." Jumatatu ile alivaa viatu bila kutapika. Jumanne pia. Niliitazama video ile bandarini Huangpu nikiwa kwenye foleni ya karani wa mizigo, nikairudia, nikamwonyesha karani. Habari ya kumleta mtoto kwangu ikaisha bila mtu kuitaja tena, na mimi sikuikumbusha.

Ijumaa huwa tunakula pilau kwa mama mmoja wa Kizanzibari aliyegeuza chumba chake cha ghorofa kuwa mgahawa. Ijumaa moja habari ilikuwa imefika kwenye simu za wote kwamba kumetokea mauaji mengine Marekani, safari hii dukani. Mezani kwangu walikuwa watu wawili ninaowapenda kwa ubishi wao. Mmoja ni mzee wa jinzi, Mkariakoo, mtu wa swala tano na kontena nne kwa mwaka. Mwingine ni msomi wa uhandisi, kijana wa Mbeya aliyekuja kwa ufadhili, Mlutheri, anayekula pilau ya Ijumaa kuliko Waislamu wote.

"Nyie mnalaumu chuma," mzee wa jinzi alisema. "Chuma kina kosa gani? Mwenye hasira hakosi silaha. Hata hapa, kwa nini mlinzi wa shule pale chini ana ngao na ule uma mrefu wa kumbania mtu ukutani? Unadhani anachoma mishkaki? Kuna watu hapa wamechukua visu, wamechukua magari."

"Sikatai, mzee wangu," msomi akajibu. "Lakini mwenye kisu mkono unachoka. Anakimbizwa, anapigwa kiti. Yule mwenye bunduki ya kijeshi anaua darasa zima kabla hujatafuta kiti chenyewe."

"Sasa hao Wamarekani mamilioni utawapokonya vipi? Laoban gani wa bunduki atakubali?"

"Hakuna aliyesema ni rahisi. Nasema tu kwamba wamechagua kuishi hivyo."

Ubishi ulipanda mpaka mama mwenye mgahawa akatishia kuondoa sinia. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaingilia kwamba wakati wao wanabishana mimi nimeshamaliza tatizo. Nikawaonyesha video. Mzee wa jinzi alisema mashallah. Msomi akaitazama akiwa na kijiko hewani.

"Linazuia nini, dada?"

"Risasi. Linaitwaje, kwani?"

"Risasi ipi?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia usomi mwingi unaharibu hamu ya kula, nikahamia meza nyingine na sahani yangu.

Haukupita mwezi, mdogo wangu akapiga tena. Wazazi wenzake wameliona bamba, wamesikia bei, wanaomba ishirini. Sasa hili lilikuwa oda, na oda nina taratibu zake. Niliagiza kwa laoban yule yule, kwa bei ile ile, yakaletwa nyumbani kwenye boksi, nikaketi sakafuni na mizani yangu kama ninavyoketi kwa mzigo wa mteja yeyote. La kwanza lilikuwa na gramu mia tatu na tisini. Nikadhani mizani imeishiwa betri. Nikapima kopo la maziwa, mizani ikasema kweli. La pili, mia tatu na tisini. La tatu, mia tatu na themanini na tano. Nikafungua simu, nikasoma nilichoandika siku ile kwenye rafu ya mbele. Nilipolielewa jambo lenyewe, nililiona lile begi la sungura likining'inia kwenye kidole kimoja cha yule dada Mkenya.

Nilipanda ghorofa ya nne kwa hasira ya kuua mtu. Laoban hakukana lolote.

"Pengyou," alisema, yaani rafiki, "umekaa hapa miaka mingapi? Bei ile uliitaka wewe. Bei ile ina bamba lake."

"Na lile la kwanza? Lile moja?"

"La kwanza pia. Ulisema ni ya walinzi wa maduka. Nikadhani wanavaa waonekane tu."

"Ni la mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

Nikamwonyesha video. Aliitazama mpaka mwisho, akaigusa ikaanza upya. Ko, ko, ko. Aliniuliza kwa nini mtoto anabeba kitu kile kwenda shule, nikamweleza, kwa Kichina changu kibovu, na kwa mikono pale maneno yaliponiishia. Mwanamke yule ameshona maelfu ya vile vitu. Alikuwa anafikiri kule vinanunuliwa na matajiri wenye woga, kama wanavyonunua kamera za mlangoni. Aliyaacha maganda yake ya chenza, akakaa.

"Kwa nini hukusema?" aliniuliza. "Mimi nina binti. Ungesema ni la mtoto, ningekupa la mbele. Hata kwa bei ile ningekupa."

Bibi yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi siku zote nilidhani ni maneno ya wagonjwa na waganga. Nikanunua bamba la rafu ya mbele kwa bei yake ya kwanza, bila kuomba punguzo, na nadhani ndiyo mara ya pekee huku.

Nilikwenda nalo moja kwa moja chuoni kwa msomi, pamoja na moja la yale mepesi. Sikuomba radhi, naye hakuitaka. Alilichana lile jepesi kwa msumeno mdogo juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na tabaka chache za kitambaa kigumu cha rangi ya manjano, halafu sponji, kama ya godoro la mazoezi, halafu karatasi ngumu ya boksi. Alivipanga vipande hivyo mezani kwa utaratibu.

"Na hili zuri?" nikauliza.

"Hili sitalikata. Hili ni zima." Alisoma karatasi iliyokuja nalo, yenye muhuri mwekundu, akairudia sentensi moja kwa kidole. "Dada, hapa wenyewe wanasema bastola tu. Yule wa mji wa jirani na mdogo wako, alitumia nini?"

Nilijua. Wote tulijua, magazeti yalichora mpaka picha yake. Ilikuwa bunduki ndefu.

"Basi hata hili," alisema.

"Si tulipime? Si kuna namna ya kulipima?"

"Lazima lipigwe risasi ndipo tujue. Hapa nani atalipiga? Hakuna bunduki hapa. Ndiyo maana mdogo wako alitaka... ndiyo maana mtoto angekuja hapa." Akaacha hapo. Sijui nilimwambia lini habari ya kumleta mtoto, lakini ni dhahiri nilimwambia.

Yale mepesi sikuyatuma; bamba la mbele nililituma kwa posta siku ile ile, kwa sababu nilishalinunua na kwa sababu sikujua jingine la kufanya. Kisha nikakaa siku mbili bila kupiga simu. Jumamosi asubuhi, kwao Ijumaa jioni, nikapiga nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia mdogo wangu. Akapokea mtoto.

Alikuwa mchangamfu, sauti iko juu. "Mama mkubwa, leo tulikuwa na lile zoezi! Sikulia." Akanieleza walivyozimiwa taa, walivyojipanga kwenye kona. Ana rafiki, msichana mdogo kwake kwa umbo, ambaye kwao hawana uwezo wa kununua bamba. "Nimemwambia akae nyuma yangu. Mimi nakaa mbele na begi. Nimemwambia asiogope, bamba langu limetoka kwa mama mkubwa wangu, anakaa kule kule yanakotengenezwa, anajua vitu vizuri."

Nilimwambia ampe mama simu.

Nilimwambia mdogo wangu yote, kuanzia chumba cha nyuma. Nilimwambia habari ya sponji na habari ya ile karatasi. Akauliza swali moja.

"Ulipunguziwa kiasi gani?"

Nikamtajia. Nikasikia kule nyuma shemeji anauliza kuna nini. Nikamwambia mdogo wangu, "Mlete. Nilitakiwa kusema hivyo siku ya kwanza. Mlete, tafadhali, viza nitaihangaikia mimi, ada nitalipa mimi." Nilikuwa nalia, na yeye hakuwa analia.

"Nitamwambia mtoto mwenyewe," alisema. "Tumeshamdanganya vya kutosha."

Wiki iliyofuata niliondoa maboksi yote sebuleni. Niliwaita wateja wachukue mizigo yao, wengine wakanuna, nikawaacha wanune. Nikanunua kitanda, nikakitandika shuka za maua. Nikazunguka kuuliza shule. Jumamosi nikapiga simu ya video ili nimwonyeshe mtoto. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yao, begi la sungura miguuni. Bamba jipya lilikuwa limefika, lipo ndani.

"Mama ameniambia," alisema kabla sijafungua mdomo. "La kwanza ni la uongo. La pili ni la kweli lakini si kwa ile ndefu." Alisema hivyo kama anasoma hesabu aliyokwisha kuifanya. "Usilie, mama mkubwa."

"Na rafiki yako, umemwambia?"

Akatikisa kichwa. "Nikimwambia hatakaa kimya kwenye zoezi. Bado anadhani ni zuri. Na wewe usimwambie mtu."

Nikamzungushia simu sebuleni. Nikamwonyesha kitanda, dirisha, mahali pa kuweka vitabu. Nikamwambia huku hakuna mazoezi ya kuzima taa, shule ziko karibu, tutakwenda kula tambi za kuvutwa kwa mkono kila Jumapili, tiketi mama atakata hata kesho. Alitazama kwa makini, akasogeza uso karibu na kioo.

"Kizuri," alisema. "Shuka nzuri."

"Basi unakuja?"

Alilivuta begi lake mapajani, akaliweka sawa, kama anavyoliweka kwenye zoezi.

"Nikija huko," aliniuliza, "rafiki yangu atajificha nyuma ya nani?"